Kibanda Namba Saba

Riyali ishirini, taslimu, kabla ya ufunguo.
Fomu inasema taamini; mimi nasema amana,
kwa sababu mama alilelewa Wete
na neno hilo aliliingiza Ibra kinywani,
halikulipiwa ushuru.

Sheria zimebandikwa dirishani:
Mkaa juu ya jiko, si juu ya vigae.
Misumari marufuku.
Kuchinja marufuku (hii tuliiongeza baada ya Idi ya mwaka juzi).
Spika mwisho saa nne za usiku.
Kibanda kirudishwe kama kilivyokuwa.

Kama kilivyokuwa lini? Hakuna aliyeniuliza
ila mimi, usiku, nikigeuza mto.

Alfajiri Shafikul huzunguka bustani na tochi,
ananipigia simu, anasoma hasara:
namba mbili, mafuta ya samaki kwenye benchi, riyali moja na nusu;
namba tano, kigae kimepasuka chini ya sufuria, nne;
namba tisa, safi, ila wamesahau kiatu kimoja cha mtoto.
Mwenye kigae aliapa kwamba ni jua lililokipasua.
Inawezekana. Julai hapa jua hupasua hata nia.
Nikamkata mbili.

Mali bila daftari hupotea bila habari,
alikuwa akisema mama, akihesabu mayai.
Basi naandika:

namba saba, nguzo ya mashariki, mkwaruzo wa ufunguo,
urefu wa kidole, usawa wa bega langu.
Rangi na kazi, riyali tatu.
Hilali wa Sinaw, mwenye gari la vumbi, alilipa bila neno.
Idi iliyofuata, mkwaruzo mwingine, chini kidogo ya ule.
Tatu. Akalipa.
Idi ya tatu, chini tena.
Nikawaza: mtoto gani huyu
anayekua kinyumenyume?

Idi ya nne nilikwenda mwenyewe, na rula, na hasira.
Wamemsimamisha Bi Shinuna kwenye nguzo,
visigino vimegusa, sinia ya halwa kichwani badala ya kipimo,
wajukuu kumi na mmoja wanapiga kelele,
naye anacheka mpaka meno ya kununua yanalegea.
"Nashuka, mwanangu," akaniambia kwa Kiswahili,
kana kwamba tuliagana jana tu.
Nikamwonesha sheria. Akaisoma yote, polepole, akainua pindo:
"Cha kuazima hakistiri matako.
Tizama buibui langu mwenyewe, nililikata kwa kimo changu,
leo linafagia bustani yako. Nikulipe mimi, au unilipe wewe?"

Sikukata kitu. Niliandika: mikwaruzo ya zamani.
Mmoja ulikuwa na umri wa nusu saa.
Shafikul akanitazama, kopo la rangi mkononi.
Nikamwambia aanze na nguzo ya magharibi,
na tangu siku hiyo
rangi huisha kabla ya kufika mashariki.

Mwaka huu Hilali alichukua kibanda kilekile, siku ya pili ya Idi.
Alfajiri, simu: namba saba, safi.
Majivu yamezolewa. Benchi kavu.
Nguzo?
Nguzo ileile, madam.
Mulika vizuri. Chini ya ile ya mwisho.
Nikasikia viatu vyake kwenye changarawe, kisha kimya,
kisha: hakuna kipya, madam.

Saa tatu yuko dirishani.
Nikampa bahasha. Ishirini kamili, nikasema, hesabu mwenyewe.
Akahesabu. Akarudia.
Nyuma yake mtu akakohoa.
"Hujakata tatu," akasema.
"Hakuna uharibifu," nikasema,
na kwa daftari ilikuwa kweli.

Akachomoa noti tatu, akazisukuma chini ya kioo,
akaondoka kabla sijapata kauli.
Daftari langu lina safu sita.
Nimezipitia zote.

Noti zipo bado, chini ya kikombe cha kalamu.
Mwezi ujao anakuja mkaguzi,
mtu wa haki, mtu wa senti.
Atauliza ni za nini.